Fundi Aliyetufunika Michirizi

Fundi hakuwahi kumwambia mtu kwamba ana michirizi. Alikuongezea mikono ya gauni, basi. Ulipeleka kitambaa chako kwake, mtaa wa Bagara, ukamweleza mtindo unaoutaka, ukamchorea hata hewani kwa kidole, akakupima, akasema njoo Alhamisi. Alhamisi ukikuta gauni lina mikono mpaka kwenye viwiko wakati ulitaka mabega wazi, ujue kuna kitu alikiona alipokuwa anakupima. Ulirudi nyumbani, ukafunga mlango, ukajitazama kwenye kioo huku umegeuza shingo mpaka inauma, na ndipo ulipoiona: mistari mifupi ya rangi ya udongo imeshuka kutoka kwapani. Wanawake wengi wa Babati tulizigundua ngozi zetu kwa njia hiyo, na hadi leo nikikumbuka nakasirika.

Nasema wazi kwamba nakasirika, mtu asije akasoma hapa akadhani nimeketi kumsifu. Kumsifu nitamsifu, anastahili. Lakini kati ya watu wote niliowapenda katika mji ule, hakuna aliyenichosha kama yeye.

Nilimfahamu mkoa wa Manyara ulipokuwa mpya. Ofisi nyingi zilikuwa bado kwenye nyumba za kupanga, na sisi wa masjala tulipanga mafaili jikoni, kwenye makabati yaliyojengwa kwa ajili ya vyombo. Tulikuwa wageni wengi, wa Kilimanjaro, wa Singida, wa Arusha, na kila mmoja alitaka nguo za kwendea kazini zinazofanana na cheo alichopewa. Mafundi wakapata neema. Wengine walikuibia kitambaa na kukudanganya siku, njoo kesho, njoo kesho kutwa, umeme ulikatika, nilikuwa na msiba. Fundi alikuwa mwaminifu wa kitambaa na mwaminifu wa siku. Alhamisi yake ilikuwa Alhamisi. Mabaki alikurudishia yamekunjwa vizuri, hata yale membamba yasiyofaa kitu. Ndiyo maana tulishindwa kumwacha. Ungemwacha uende kwa nani?

Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mifupa mikubwa, mkubwa kwangu kwa umri wa mama. Futi ya kupimia haikumtoka shingoni. Kuna Jumapili alikwenda nayo kushiriki meza ya Bwana, na mchungaji akampa mkate bila kutabasamu, akabaki yeye tu asiyejua kwa nini watu wanaziba midomo. Alizungumza na pini katikati ya meno, kwa hiyo ilibidi umsogelee ndipo umsikie, na ukimsogelea alikuwa anakupima tayari. Alichukia kuonyeshwa picha za magazeti. "Huyo wa kwenye gazeti mlete hapa nimpime," alikuwa akisema, kisha anaisukuma picha pembeni kwa kiwiko.

Gauni langu la kwanza kwake lilikuwa la kwendea harusi ya mfanyakazi mwenzangu. Binti yangu Neema alikuwa ndiyo kwanza ameanza kutembea, na mwili wangu ulikuwa haujarudi. Nilinunua satini ya kijani, nikamwambia Fundi nataka lisiwe na mikono kabisa. Akatikisa kichwa kama mtu aliyekubali. Siku ya kulichukua nikakuta mikono mpaka kwenye viwiko, imeshonwa kwa ustadi, na vifungo vidogo vilivyovishwa kitambaa kilekile.

"Fundi, hii nini?"

"Gauni."

"Nilisema lisiwe na mikono."

"Vaa kwanza, ndipo tugombane."

Nikavaa. Hilo lilikuwa tatizo lake jingine, nguo zake zilikukaa. Nilijitazama kwenye kioo chake chenye ufa, nikakosa pa kuanzia, na yeye akatoa pini mdomoni.

"Nimekusitiri, Mama Neema."

"Umenisitiri na nini?"

Alikwisha kurudi kwenye cherehani, anakanyaga. Nilikwenda harusini na mikono yangu ya kijani, watu wakanisifu, na furaha ya sifa zile ikaharibika kwa sababu sasa nilijua kilichokuwa chini yake.

Usidhani aliwafanyia wanawake tu. Kulikuwa na kijana mmoja wa ofisi ya maji, mbeba vyuma, mwili ulimjaa kwa haraka mpaka mabega yakachora mistari. Alileta kitambaa cha kitenge ashonewe fulana ya kukata mikono. Alitoka na shati la heshima, la kola na mikono mirefu, na kwa sababu lilimkaa alilivaa, lakini alikuwa akiniuliza kila tukikutana: "Dada, hivi yule mama ni mzima kweli?"

Kisa cha kwaya ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Kwaya ya akina mama ya kanisa lake ilitaka sare mpya za Krismasi, mikono mifupi, kwa sababu ya joto la Desemba. Fundi alipima akina mama wote, na katika kuwapima akaona mmoja wao, sauti ya kwanza, ana michirizi iliyokolea mikononi. Hakutaka kumtenga. Akaishonea kwaya nzima mikono mirefu. Akina mama walivuja jasho tangu wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, na hakuna aliyethubutu kulalamika, kwa sababu kila mmoja aliamini kwamba yeye ndiye aliyesababisha. Hilo niliambiwa na wanakwaya watatu kwa nyakati tofauti, kila mmoja kwa kunong'ona, kila mmoja akiniomba nisiwaambie wenzake.

Kinachonishinda kuelewa ni kwamba yeye mwenyewe hakujificha hata siku moja. Alivaa blauzi zisizo na mikono mwaka mzima. Mikono yake ilikuwa na michirizi kuanzia begani hadi karibu na kiwiko, ya zamani, iliyokwisha kugeuka myeupe, na ilikuwa inang'aa kidogo alipoinama kwenye mwanga wa mlangoni. Siku moja nilijikaza nikamuuliza.

"Fundi, mbona wewe hujisitiri?"

Akacheka. "Mimi anitazame nani?"

Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema uzi umekwisha. Niliona huzuni, kisha hasira ikanipanda, maana jibu lile lilikuwa na maana kwamba sisi wengine wote tunatazamwa saa zote, na yeye ndiye aliyewekwa kutulinda na macho ya watu. Nani alimweka? Nilitaka kumuuliza na hilo, akaniambia ninyanyue mkono anipime kwapa.

Kuhusu dawa hakuwa na imani nayo yoyote. Mimi nilizijaribu zote, na mji ulikuwa na za kutosha. Nilianza na mafuta ya nazi ya dukani, nikahamia mafuta ya nyonyo, nikasugua limau mpaka ngozi ikawasha. Nikapewa habari za samli, nikainunua kwa akina mama wa Kibarabaigi siku ya mnada, na mume wangu akaniuliza kwa upole kama kuna mtu anapika chumbani. Nikapaka mshubiri. Nikapaka ganda la yai lililosagwa na asali. Losheni moja ya bei ilinilainisha ngozi vizuri sana, na michirizi ikalainika nayo, ikabaki palepale. Chupa ya nyonyo niliyoshindwa kuimaliza nilimpelekea Fundi nikidhani itamfaa. Aliipaka kwenye bawaba za mlango wake, na kwa kweli mlango uliacha kulia.

"Dawa yake ni kitambaa," alisema. "Hivyo vingine unalisha ngozi tu."

Kuna mara moja aliniokoa, na niiandike hapa kabla sijafika kwenye habari ya sketi. Mwenzangu wa ofisini alinipa tyubu ndogo ya kupaka, akasema nichanganye na losheni. Mwanzoni nilifurahi. Ngozi iling'aa, mistari ikafifia, watu wakasema nimependeza. Niliendelea kununua nyingine na nyingine katika maduka, hakuna aliyeniuliza naumwa nini. Siku nilipopeleka kitambaa cha Pasaka, Fundi alinishika mkono kwa ndani, karibu na kiwiko, akausogeza kwenye mwanga.

"Umepaka nini?"

"Losheni."

"Nimeuliza umepaka nini, Mama Neema."

Nikamwambia. Akaitoa futi mkononi mwangu, akaikunja. "Ngozi yako imekuwa nyepesi, mishipa naiona yote. Na hii mistari hapa ni mipya, haikuwapo. Sikushonei mpaka uende hospitali."

Nilinuna, lakini nilikwenda. Daktari alinieleza kwamba tyubu ile ni dawa ya magonjwa ya ngozi, ya kupaka kwa kipimo na kwa muda mfupi, na kwamba ukiipaka ovyo inaikondesha ngozi na kuleta michirizi yenyewe. Yaani nilikuwa nanunua ugonjwa kwa pesa yangu. Alinisimamia mpaka nikaiacha. Nilirudi kwa Fundi na kitambaa kilekile, Pasaka imeshapita, akanishonea gauni lenye mikono mpaka kwenye vifundo vya mikono. Safari hiyo sikugombana.

Sasa sketi.

Neema alikuwa mtoto wa mpira wa pete. Alipoingia kidato cha pili alirefuka ghafla, kiatu cha Januari hakikumfaa Juni, na kwa urefu huo akawa mfungaji. Nilikuwa nikitoka kazini napita shuleni nimtazame anavyosimama chini ya goli, mkono mmoja juu, anangoja mpira kama mtu anayengoja kitu ambacho ni haki yake. Mwaka ule timu yao ilifika kwenye mechi ya kuchagua wachezaji wa mkoa. Mwalimu wa michezo akaagiza sketi mpya kwa Fundi, zote za kufika katikati ya mapaja, na wenzake Neema wakapimwa, wakashonewa, wakachukua. Neema alikuwa na malaria siku hizo. Alipimwa wa mwisho, peke yake.

Mimi nilijua hatari iliyopo. Niliona michirizi imetokea nyuma ya magoti yake na juu zaidi, ya rangi ya zambarau, ya mtoto aliyekua haraka. Sikumwambia, kwa sababu hakuwa na habari nayo na sikuona sababu ya kumpa habari hiyo. Nilipita kwa Fundi makusudi.

"Fundi, sketi ya Neema iwe kama za wenzake. Sawasawa na za wenzake."

"Nimesikia."

Kusikia alisikia. Neema aliichukua ikiwa imekunjwa, akaitia kwenye begi, na asubuhi ya mechi akaivaa darasani pamoja na wenzake, katika shule moja ya Maisaka walikochezea. Ilishuka mpaka chini ya magoti. Wenzake wakaangua kicheko. "Neema, umeokoka?" Naye alicheka, ndivyo alivyonisimulia baadaye, alicheka pamoja nao. Kisha msichana mmoja, wala hakuwa na ubaya, akasema, "Ah, Fundi huyo. Akiona michirizi ndivyo anavyofanya. Hata mama yangu alimrefushia." Kicheko kikakatika, na wote wakatazama miguu ya mwanangu. Naye akainama kuitazama.

Mwalimu alitafuta pini akaikunja sketi ikawa fupi. Neema akakataa kutoka. Alikaa kwenye benchi sweta likiwa magotini mpaka mechi ikaisha, na waliokuja kuchagua wachezaji wakaondoka bila kumwona hata amesimama. Siku iliyofuata hakwenda mazoezini. Wala siku nyingine yoyote. Nilimbembeleza, baba yake akambembeleza, mwalimu alikuja nyumbani akanywa chai mara mbili. Mtoto aliyekuwa akilala na mpira miguuni mwa kitanda aliutoa akampa jirani.

Nilitoka ofisini saa ya chai na sketi ile kwapani. Nilimkuta Fundi anampima mke wa mchungaji.

"Fundi, umemfanya nini mwanangu?"

"Hata salamu hakuna, Mama Neema?"

"Shikamoo. Umemfanya nini mwanangu?"

"Marahaba. Nimemsitiri mtoto."

"Umemtangaza! Hakuna aliyekuwa anajua. Yeye mwenyewe alikuwa hajui! Wewe ndiye uliyewaambia shule nzima, kwa kitambaa!"

Mke wa mchungaji alishusha mikono yake polepole. Nilitaka Fundi ajitetee nimjibu, nilikuwa nimeyapanga maneno njia nzima. Badala yake akanyoosha mkono, akaichukua sketi, akaitandika mezani, akachora kwa chaki na kuikata palepale. Akapiga upindo, akapitisha pasi ya mkaa, akanipa.

"Akavae."

"Akavae aende wapi, Fundi? Timu imeshachaguliwa."

Akakunja kile kipande alichokikata, vizuri kama kawaida yake, akaninyooshea. Nilikiacha mkononi mwake nikatoka.

Nilikaa muda mrefu bila kwenda kwake. Nilijaribu fundi mwingine, akaniibia kitambaa cha sketi nzima na kunidanganya Ijumaa baada ya Ijumaa. Lakini si hilo lililonirudisha. Siku moja natandika kitanda cha Neema nikakuta tyubu chini ya godoro, aina ileile iliyokuwa imeniharibu mimi. Nilijua njia ile inakoelekea.

Nilimpandisha basi mpaka Arusha, kwa daktari wa ngozi. Daktari yule alikuwa mwanamke mpole, alimtazama Neema miguu kwa taa, akazungumza naye yeye, si mimi. Alisema michirizi ni ngozi iliyovutwa kwa haraka kuliko inavyoweza kunyooka, ikachanika kwa ndani, na kwa watoto wanaorefuka ni jambo la kawaida kabisa. Ikiwa bado ina rangi ya zambarau au nyekundu, kuna dawa za kupaka za jamii ya vitamini A ambazo huweza kuipunguza, kwa maelekezo ya daktari, na mjamzito hapaswi kuzigusa. Ikishageuka myeupe ni ngumu zaidi. Kuna mashine za mwanga na kuna matibabu ya sindano ndogondogo, ya gharama kubwa na ya kurudia mara nyingi, na kwa ngozi nyeusi, asiyejua kazi anaweza kukuachia madoa. Mafuta na losheni hulainisha, hayafuti. Na tyubu ile aitupe.

"Kwa hiyo hakuna dawa," Neema alisema.

"Ya kupunguza ipo. Ya kufuta hakuna. Yenyewe itapauka kadiri unavyokua."

"Lini?"

"Itachukua muda. Siwezi kukutajia siku."

Tulipanda basi kurudi. Mimi nilikuwa nimefura, sijui nimkasirikie nani. Nauli ile yote, siku nzima ya kazi, tumeenda kuambiwa tungoje. Mtoto wa miaka ile ana subira gani?

Nilipita kwa Fundi kesho yake. Sikupanga kupita, miguu ilinipeleka. Nikamweleza yote aliyosema daktari, na yeye akanisikiliza bila pini mdomoni.

"Umepanda basi mpaka Arusha kwenda kuambiwa vaa nguo?" akasema.

Ningeweza kumpiga. Nilimwambia daktari hakusema avae nguo, alisema hakuna ubaya wowote kwenye ile miguu. Fundi akafikiri. "Hayo ni ya hospitali," akasema. "Barabarani kuna watu wengine." Na mbaya zaidi ni kwamba darasa lile la Maisaka lilikuwa limekwisha kumuunga mkono.

Miaka ikaenda hivyo. Nilirudi kwake, nikanuna, nikashonewa, nikasitiriwa. Mume wangu alipolazwa, Fundi ndiye aliyeleta uji kila asubuhi kabla ya kufungua duka, na siku alipotoka hospitali amekonda alikuta suruali zake zote zimepunguzwa kiuno bila mtu kumwomba. Ndivyo alivyokuwa. Alikupa usichoomba, na ulichoomba alikunyima, na mara nyingine usichoomba ndicho ulichokihitaji, ndiyo maana ilikuwa vigumu kumkasirikia mpaka mwisho. Nilijaribu.

Michirizi ilimtokea Neema hadi mabegani, akavaa masweta mpaka alipomaliza shule. Alikwenda chuo na jaketi lililomfika magotini. Sijui ni lini aibu ile ilimtoka, sikuwapo; alirudi likizo moja amevaa kaptura anafua uani, anaimba, majirani wanapita, nami nikaingia ndani nikalia kidogo. Mpira wa pete haukurudi. Nilimuuliza mara moja tu, akasema, "Mama, ule ulishapita," na nikaona kwamba bado unamuuma.

Alipochumbiwa, alisema gauni la sendofu, sherehe ya kuagwa kwao, litashonwa na Fundi. Nilidhani sikusikia vizuri. Fundi wakati huo alikuwa amezeeka, ameacha duka la Bagara, cherehani ipo barazani kwake Maisaka, amevaa miwani mizito na anashonea watu anaowachagua. Neema alikipeleka kitambaa mwenyewe. Aliporudi nikamuuliza ameagiza mtindo gani, akasema mikono mirefu, mpaka kwenye vifundo. Nikajua bado anajificha, na nilichokiona uani ilikuwa siku nzuri moja tu.

Tulikwenda pamoja kulichukua. Fundi alitupokea kwa furaha, akajibu shikamoo zetu, akalitoa gauni ndani ya shuka safi alilolifungia. Lilikuwa zuri. Halikuwa na mikono. Mabega wazi, shingo wazi.

"Fundi," Neema alisema, "nilisema mikono mirefu."

"Ulisema."

"Iko wapi?"

Fundi alivua miwani. Mikono yake ilikuwa wazi kama siku zote, imekonda sasa, ile michirizi imekunjamana pamoja na ngozi. "Mwanangu, mimi nilikukosea ulipokuwa mtoto. Nilikufunika mbele za wenzako. Limenikaa rohoni. Sasa nimekuacha wazi. Una mabega mazuri, watu wayaone."

Machozi yalinilenga. Maneno hayo niliyangoja tangu siku niliyomwachia kile kipande cha sketi mkononi, na sasa ameyasema, na ameyasema kwa mwenyewe. Nilifungua mdomo nimshukuru. Neema akanizuia kwa mkono.

"Ngoja, Mama. Fundi, sherehe ni Julai. Jioni, ukumbi uko wazi pande zote. Nitaganda!"

"Utaganda?"

"Kwa baridi! Na mikono mirefu naipenda. Naipenda tu. Sifichi kitu." Alikuwa anacheka alipoanza, na katikati ya maneno kicheko kikamwisha. "Siku ile nilitaka sketi kama ya wenzangu nicheze mpira. Ungeniuliza ningekuambia. Na hili nalo ungeniuliza. Unaitazama ngozi yangu, halafu unaamua wewe. Leo umeamua kwa upendo, nimeona. Hata siku ile uliamua kwa upendo."

Fundi alifungua mdomo. Nilijua atasema vaa kwanza, ndipo tugombane. Aliufunga. Alivaa miwani yake, akainuka kwa kushika meza, akaingia ndani akakaa kidogo, akarudi na kitambaa kilichobaki. Kilikuwa kinatosha.

Neema akavua sweta palepale barazani, watu wanapita barabarani, akanyoosha mkono. Michirizi yake ya begani ilikuwa imepauka, lakini ipo. Fundi akaiweka ncha ya futi begani, akaishusha juu ya ngozi ile mpaka kwenye kiwiko, akasimama.

"Hapa?"

"Bado."

Akashusha tena kidogo. "Hapa?"

"Shuka, Fundi."

Akashuka polepole, akisimama na kuuliza, mpaka Neema aliposema hapo.